Mzee wa Kofia

Kila ninapopita karibu na jenereta inayonguruma, harufu ya mafuta ya mazutu hunirudisha kwenye banda la video kule kijijini kwetu Shari, tulikobanana juu ya mbao, magoti yetu yakigusa migongo ya watu wa mbele. Baba alisimama kando ya televisheni na maikrofoni, akitutafsiria filamu za zamani za Marekani kwa Kiswahili.

Nilimpenda mwigizaji mmoja, mzee mwenye kofia. Hakuwa nyota. Katika filamu moja alikuwa hakimu, nyingine mlevi, nyingine mpishi, na mara nyingi alikufa mapema. Siku moja alitokea akiwa na birika la kahawa, nami nikasimama.

"Lakini huyu alikufaka juzi!"

Banda zima likacheka. "Huyu mutoto mujinga ni wa nani?" akauliza kijana mmoja nyuma.

Nilimtazama Baba. Nilitaka anitaje, na pia nilitaka asinitaje. Sikujua lipi lingeniumiza zaidi. Akainua maikrofoni, akatafsiri kwa sauti nzito ya yule mzee: "Ule mutoto ni wangu. Mumuache."

Vicheko vikazidi. Nikaficha uso ndani ya sketi mpaka filamu ikaisha, nikiona aibu kwa ajili yangu na kwa ajili ya Baba.

Juzi, nikisubiri majibu ya maombi ya kazi, niliipata filamu ile kwenye simu. Niliirudia sehemu ya kahawa tena na tena, nikidhani masikio yangu yananidanganya. Yule mzee hasemi neno. Anamimina kahawa, anaweka birika chini, anatoka.