Neno la Chaki

Kwenye karakana ya reli walimwita Sikio, na jina hilo hakupewa kwa ukubwa wa masikio, ingawa nayo yalikuwa ya kutosha. Kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu. Kabla treni haijaondoka alipita kando ya mabehewa na nyundo yake ya mpini mrefu, akagonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima hulia, na mlio ukabaki hewani kidogo. Lenye ufa hutoa sauti butu, kama mtu aliyekatizwa maneno. Behewa likimridhisha, alichukua chaki akaandika ubavuni neno moja la Kiingereza: SAFE. Hapo ndipo abiria waliporuhusiwa kupanda.

Neno hilo alikabidhiwa na msimamizi wake wa kwanza, mzee mkali aliyependa kamusi kuliko watu. Siku ya kwanza alimsimamisha, chaki mkononi, akamuuliza kama anajua anachotaka kuandika. Kijana akajibu kwamba maana yake ni salama. Mzee akaguna. Akamweleza kuwa Waingereza walilichukua neno lao kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, ambako lilikuwa salvus, yaani kitu kizima, kisicho na jeraha. Hilo letu la salama tulilipata kwa Waarabu, wala halina udugu wowote na lile, lakini nalo ukilichimba unakuta uzima uleule chini yake.

"Watu hawa hawakuulizana," mzee akasema, "na wote wamekubaliana kwamba usalama ni kutokuwa na ufa. Si bahati, si matumaini. Kama hujui ni zima, usiandike."

Maneno hayo yalimkaa. Nyumbani aligeuka kero tupu: alirudisha vikombe dukani, aligonga sahani mbele ya wageni, na mkewe akamwambia kuwa siku moja atagonga kichwa cha mkwe wao aone kama ni kizima.

Kisha masikio yakaanza kumtoroka. Kwanza ilipotea filimbi ya birika, halafu mvua juu ya bati. Mkewe aligundua mapema, akamsihi aseme kazini. Akang'aka. Nani angemwita Sikio tena? Aliona aibu, na aibu ile ikamshinda nguvu, na hapo ndipo alipokosea. Akajifundisha kusoma midomo ya watu, na kupokea mtikisiko kwenye mpini, akijidanganya kwamba kiganja nacho husikia. Mtikisiko ukazidi kufifia. Ikafika mahali magurudumu yote yakawa na sauti moja, naye akawa anaandika SAFE kwa mazoea, kwa mwandiko uleule mzuri.

Asubuhi moja aliiruhusu treni ya kwanza, ikaondoka imejaa watu. Treni ya mchana ilikuwa ya binti yake, aliyekuwa anarudi kwa mumewe na mtoto mchanga, na mkewe alikuja kuwasindikiza. Sikio akagonga magurudumu ya behewa lao, akainua chaki, na mkono ukagoma. Hakuwa amesikia kitu. Hakujua. Akamkumbuka yule mzee.

Akamvuta mkewe kando ya behewa. "Nisikilizie."

"Mimi najua nini habari za treni?"

"Unajua masufuria. Kabla hujanunua, si unaligonga? Ni vilevile."

Akagonga. Mkewe akainamisha kichwa, akasema linalia. La pili linalia, la tatu linalia. Kwa lile lililofuata alisogeza sikio karibu zaidi.

"Rudia."

Akarudia.

"Hili nisingelinunua," mkewe akasema.

Sikio akapiga magoti, akafuta grisi kwa tambaa, akapitisha kidole. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele, na ndani yake mlikuwa na kutu. Kutu hiyo ndiyo iliyomwambia yote, maana ufa hauingii kutu kwa siku moja. Behewa lilikuwa limekwenda na kurudi, limekwenda na kurudi, na neno lake likiwa ubavuni.

Akamwambia binti yake asipande. Stesheni masta akaja kuuliza kwa nini abiria anazuiwa, na Sikio akamjibu bila kuzunguka.

"Mimi sisikii, bosi. Muda mrefu sasa, sisikii."

Stesheni masta akamkodolea macho akidhani ni mzaha. Akautazama ufa, akamtazama mke wa Sikio aliyekuwa ameinamisha uso, akaelewa kwamba si mzaha.

"Na ya asubuhi?"

"Nayo niliiandikia mimi."

Stesheni masta akageuka mbio kuelekea ofisini ili apige simu stesheni ya mbele, treni isimamishwe. Hakufika mlangoni. Alisimama ghafla kwenye ngazi, mkono umeshika ukuta. Mkewe Sikio naye akasimama kama alivyokuwa, na binti yao akamkumbatia mtoto kifuani. Wote walikuwa wanatazama dirisha la ofisi.

Sikio alitazama dirisha hilo asione kitu, kisha akazitazama nyuso zao. Akauliza kuna nini. Ikabidi mkewe amsogelee, amshike bega na kumwambia karibu kabisa na sikio.

"Simu. Inalia."