Aliyelala Chini ya Lori la Shemeji Yake

Amefariki yule mzee wa Ruhuwiko aliyekuwa akikagua malori. Habari niliipata kwa shangazi yangu wa Mpitimbi, aliyepiga simu asubuhi, akalia, akakata, kisha akapiga tena kuniuliza kama nimeshavaa. Tangu hapo sijatulia. Nimeianza safu hii na kuiacha, nimeinuka kwenda dirishani na kurudi, maana nyumba yangu iko karibu na barabara ya Tunduru na kila lori linalopita likihangaika na gia nalitegea sikio kana kwamba nimeitwa kulikagua. Ugonjwa huo aliniambukiza yeye. Hakuwa rafiki yangu, niseme wazi. Tulifahamiana tu, na mara nyingi alinichosha. Lakini wapo watu ambao wakiondoka, mji unabaki na kazi isiyo na mwenyewe, na nadhani hicho ndicho kinachonihangaisha.

Tangu ujana wake alikuwa dereva wa malori. Macho yalipodhoofika akaacha usukani, akawa mtu wa kuitwa pale mtu anapotaka kununua lori lililokwishatumika. Msidhani alikuwa mnyenyekevu. Alijisifu, alikatiza watu kauli, na akicheleweshewa chakula alinuna kama bibi harusi. Wala hakuwa sahihi siku zote. Kuna lori alilomkataza mfanyabiashara mmoja wa mbao kwa maneno makali, yule bwana akatia pamba masikioni, akalinunua, na hadi leo linabeba mbao bila kulalamika. Mzee akilikuta barabarani aligeuza uso. Hata hivyo taratibu zake zilikuwa na akili. Alitaka alikute lori limepoa, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Alizungumza na dereva kabla ya kuzungumza na mwenye mali. Aliilinganisha namba iliyogongwa kwenye chasisi, yaani ule uti wa mgongo wa gari, na ile iliyo kwenye kadi. Tena hakukubali kamwe gari lijaribiwe likiwa tupu. "Lori tupu ni mchumba," alizoea kusema. "Lipakie mchanga, lipandishe mlima, hapo ndipo utajua umeoa nini."

Nilimjua vizuri siku ya shangazi. Shangazi ni mjane, mkulima wa mahindi, na alikuwa ameuza kiwanja alichoachiwa na mumewe ili apate lori la kubebea mavuno yake na ya majirani. Hakuwa na kiwanja kingine. Akikosea, asingekuwa na pa kuanzia tena. Akaambiwa kuna lori mjini linauzwa na kiongozi mmoja wa parokia, mtu anayeheshimika. Nasi huku tunajua mambo yanavyokwenda kwa mtu wa namna hiyo: mnunuzi hukaribishwa sebuleni, huulizwa habari za nyumbani, hula, kisha huoneshwa gari akiwa amesimama kando, mikono nyuma, akisema "zuri, zuri." Kuinama na kuchungulia chini ni kama kufunua sufuria jikoni kwa mwenyeji wako. Shangazi alikuwa tayari kununua hivyo. Mimi ndiye niliyesema twende na mzee wa Ruhuwiko. Hakutuambia mpaka tulipofika getini kwamba mwenye lori alikuwa mume wa dada yake.

Tulikuta lori linang'aa kwa rangi mpya, injini inanguruma. Mzee akasogeza kiganja karibu na rejeta, akakirudisha haraka. "Mlamu," akamwambia mwenyeji, kwa neno lile la huku la kumwita shemeji, "gari lako limeamka mapema kuliko sisi. Zima, tusubiri lipoe."

"Mlamu, tangu lini tunapimana homa?" mwenyeji akacheka.

"Tangu mama huyu auze kiwanja."

Tukasubiri. Dada wa mzee akaleta chai, akaketi bila kusema kitu. Lori lilipopoa liliwaka kwa shida na kutoa moshi wa bluu, jambo ambalo mzee alisema fundi anaweza kulimaliza. Kilichomsumbua ni tairi la mbele lililolika upande mmoja. Akavua koti, akatandika gunia, akaingia mvunguni, tukabaki tunatazama miguu yake. Aibu ilinishika, nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Shangazi akaninong'oneza, "Mwambie atoke, mwanangu. Huyu ni mtu wa kanisani." Mzee alimsikia. "Mama, chasisi haijabatizwa," akajibu kutoka kule chini, na tukaanza kusikia ufunguo ukikwangua rangi.

Alipotoka hakuwa na majivuno yake ya siku zote. Alisema chasisi ilivunjika, ikachomelewa, na kovu likapakwa rangi. Likipakiwa mahindi na kushuka milima ya Mbinga, alisema, linaweza kukatika dereva akiwa ndani. Mwenyeji akaapa kwamba hajui habari hiyo, kwamba naye alilinunua hivyo hivyo. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Shangazi akaaga kwa heshima zote, akasema anakwenda kwanza kuwauliza watoto, na sote tuliokulia huku tunajua jibu hilo lina maana gani.

Shangazi alipata lori lingine baadaye, baada ya mzee kulipakia mchanga na kulipandisha mlima, na linamlisha mpaka leo. Lakini dada mtu hakukanyaga tena kwa kaka yake. Lile lori la rangi mpya lilinunuliwa na mgeni kutoka Tunduru, aliyekaribishwa, akala, akasema zuri, zuri. Mzee aliposikia akapanda basi, akaenda Tunduru kumtafuta, akamkuta na kumweleza. "Bwana mkubwa, riziki yangu isikuume," alijibiwa, akafukuzwa kama mchawi. Kilichotokea baadaye sikijui. Nimeulizia kwa madereva wa njia ile na sijapata jibu, na mpaka ninapoandika hapa jambo hilo linanikera kuliko ninavyoweza kueleza.

Siku hizi kila mwenye akiba huku anataka lori. Barabara ni za lami, malori ya makaa ya mawe yanapishana usiku na mchana, na mkulima aliyezoea kulanguliwa mahindi shambani anaona afadhali ayabebe mwenyewe. Hilo ni jema. Tatizo letu ni kwamba tunanunua malori kwa adabu tuliyoizoea tukinunua kuku kwa jirani. Kuku akifa, jirani atakupa mwingine. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila kwenye biashara hii maradhi huyaficha mmoja, akafa mwingine, kijana wa watu aliyepewa usukani na kuambiwa awahi.

Msibani nilikaa nikitapatapa kwenye kiti. Msemaji baada ya msemaji alisimama kusema marehemu alikuwa mpole, hakuwahi kukosana na mtu. Nilitamani kupiga kelele. Hivi kweli tunampaka rangi hata yeye? Kisha dada yake akaitwa kutoa shukrani za familia.

"Kaka yangu alikuwa mkorofi," alisema. "Aliniaibisha nyumbani kwangu, nikamnunia mpaka amekufa. Lakini ile chasisi mume wangu aliijua. Na mimi niliijua. Fundi aliichomelea uani kwangu, nikiwa napika. Yule mama mjane nilimpa chai, nikanyamaza."

Akaketi. Mumewe alikuwa pale pale, kofia mkononi, na hakukanusha. Shangazi aliinuka, nikadhani anaondoka, kumbe alikwenda kukaa karibu na dada mtu na kumshika mkono.

Kila siku tunamwambia mnunuzi afungue macho, na mimi mwenyewe nimewahi kuandika hivyo. Leo sisemi na mnunuzi. Nasema na mke, mtoto, fundi, jirani, sisi tunaoleta chai mgeni akifika. Aliyekuwa akilala chini kwa niaba yetu tumemzika. Kama kuna gari uani kwako na unajua lilipochomelewa, mwambie mgeni kabla hajashika kikombe.