Jina la Baba kwenye Ombi kwa Mfalme

Nilikwenda Brussels kwa sababu ya jina la baba. Mtaani kwetu Lubumbashi walisema kwamba mwaka wa uhuru alitia sahihi ombi la kumsihi mfalme wa Wabelgiji asituache. Baba alikuwa karani katika shamba la mlowezi mmoja, na wafanyakazi walisikia jina lake likisomwa uwanjani, la kwanza kabisa. Hakujitetea mpaka akafa. Kiburi hicho nimekirithi, kwa hiyo niliposikia kuwa mlowezi yule bado yu hai huko Brussels, nikakata tiketi.

Kwenye stesheni ya Gare du Nord nilipokewa na mdogo wangu Clémentine, tukaenda kwake Anderlecht. Alinipikia bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo, kisha akanionya mimi mkubwa wake kuhusu yule mlowezi.

“Yaya, usimukasirikie. Ni muzee sasa, na anapenda Roi, mufalme yake, kupita bibi yake.”

Jumamosi asubuhi tulipanda basi hadi Ixelles, kwa mlowezi. Mzee alitupokea amevaa tai, akatuonyesha viti chini ya picha ya mfalme.

“Ikala, mutoto yangu. Bazungu wengine walianza kugeuka. Mimi, non. Niko muntu ya Roi mpaka leo.”

“Na baba yangu, papa?” nilimwuliza mzee.

Alifungua droo, akanipa karatasi ya zamani: ombi lenyewe. Majina yote yaliandikwa kwa mkono wa baba, ningeutambua popote. Kando ya kila jina palikuwa na alama ya kidole gumba. Kando ya jina lake mwenyewe paliandikwa: Hapana.

“Aliandika majina, bon, nikasoma mbele ya bantu, kiisha kila muntu akatia kidole,” mzee alisema. “Baba yako alingoja bote baende, kiisha akaandika ‘hapana’. Alors, ningetumia Roi karatasi iko na ‘hapana’ namna gani? Ilibakia kwangu. Alinikasirisha sana, lakini hakunificha kitu.”

Nililia mbele yake na sikuona haya. Duka la chini lilitutolea nakala, nasi tukaagana kwa kushikana mikono. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kumheshimu aliyemkatalia kuliko wote waliomkubalia.

Nyumbani Lubumbashi nilimsomea mama karatasi ile chumbani, jina kwa jina, hadi neno la baba. Kisha akainuka, akafungua madirisha yote ya upande wa barabara, akaniambia nisome tena, kwa sauti.