Niliwaketisha Meza Moja

Nilipopewa usimamizi wa karakana ya yunifomu pale Rongo, jambo la kwanza lililoniudhi lilikuwa jinsi watu walivyokula. Walikuwa mafundi kumi na mmoja, hodari wote, lakini saa saba ikifika kila mtu na kona yake. Huyu kwenye ngazi, yule nyuma ya magunia ya vipande vya vitambaa. Mkataji wetu alikula nje kabisa, amesimama kando ya ukuta. Mama wa vifungo, aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, alikula kwenye baraza ya nyuma, amewapa wote mgongo. Nikasema, ala, kwani hawa wamegombana?

Hawakuwa wamegombana, na ningeuliza ningejua. Lakini mimi ni Mkuria wa Kehancha, hasira zangu haziko mbali, na tena nilikuwa nimetoka semina ya siku mbili Homa Bay, ya mameneja wapya. Tulipewa daftari, kalamu na soda, na mwezeshaji akatuambia kwamba kiongozi mzuri hula na watu wake. Mimi huyo, nikaandika na kupiga mstari mara mbili. Nilirudi Rongo nikijiona nimeiva.

Jumatatu nikatangaza. Meza ya kukatia, ile ndefu, itapanguswa chaki kabla ya saa saba, sufuria moja ya nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, italetwa, na kila mtu ataketi. "Sisi ni watu wa nyumba moja," nikasema. Mafundi wakatazamana. Mmoja akasema "Yawa!" kwa sauti ya chini, mwingine akajifanya anakohoa. Nilidhani wamefurahi.

Siku hiyo mkataji hakuketi. Alichukua mkasi wake akaenda kuunoa, mkasi ambao asubuhi hiyo hiyo ulikuwa unakata kama wembe. Sahani yake ikabaki pale, mahindi na maharagwe yakipoa. Mama wa vifungo naye hakugusa kitu, akasema tumbo linamsumbua. Huyo sikumjali, mtu mzima ana matumbo yake. Nikamgeukia mkataji kwa sauti ambayo hata mwuza mandazi ng'ambo ya barabara aliisikia.

"Fundi, chakula chetu kinanuka?"

Akatazama sakafu. "Hapana, madam."

"Basi njoo ukae."

Hakuja. Na mimi, nisiseme uongo, moyo uliniuma. Nilijua nimeelewa. Huyu Mjaluo hataki kula sufuria moja na Mkuria, tena Mkuria mwenyewe mwanamke, tena mwanamke huyo ndiye mkubwa wake. Nyumbani nimekua nikisikia habari za ng'ombe walioibwa huku na huku, nani alimpiga nani mshale, na mambo hayo hayajaisha vichwani mwa watu. Nikasema moyoni, sawa, tutaona.

Jumanne nikamwuliza tena mbele ya wote, akanyamaza tena. Nikamwandikia barua ya onyo. Jumatano nikamwuliza mara ya tatu, watu wote wakiwa wameshika vijiko hewani, naye akatoka nje bila neno. Nikaandika ya pili. Alhamisi asubuhi nikamwambia aende nyumbani angoje ya tatu, na hiyo ya tatu sisi wote tulijua ni ya kufutwa. Nikampigia simu mwenye karakana, ambaye anakaa Homa Bay, akasema, "Wewe ndiye uko hapo. Kuna mkataji namjua Awendo, ataanza Jumatatu."

Mkataji akaweka mkasi mezani, akaaga kwa adabu, akaenda. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Pasipo kitambaa kilichokatwa hakuna cha kushona, kwa hiyo ilipofika saa nane cherehani tano zilikuwa zimenyamaza.

Ijumaa mama wa vifungo alikuja kwenye ofisi yangu, yaani kidawati kilichokuwa nyuma ya pazia. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mbele yangu.

"Madam, niondoe mimi. Umrudishe yule mkataji."

"Mama, wewe umefanya nini?"

"Mimi miaka yangu imeenda. Yeye ana mtu nyumbani, na huyo mtu ni mjamzito, mimba ya miezi minane. Akikosa kazi sasa watakula nini?"

"Wewe umejuaje mambo ya nyumba yake?"

"Ni mtoto wangu," akasema.

Sikumwelewa mara moja. Akavuta kiti, na hajawahi kuvuta kiti ofisini kwangu bila kuambiwa, akanieleza polepole kama anayefundisha mtoto kufunga vifungo. Msichana wake anaishi na yule mkataji. Ng'ombe wa mahari hawajapelekwa bado, kwa hiyo si jambo la kutangaza, lakini hata bila ng'ombe yeye mama ni maro wa mkataji, mama mkwe wake. Na mtu hali chakula mbele ya maro wake. Mkwe hawezi kutafuna mama mkwe akimwona, na mama mkwe hawezi kutafuna mbele ya mkwe. Ndiyo maana mkataji alikula nje kando ya ukuta na yeye mama barazani amegeuka. Karakana nzima ilijua. Ndiyo maana wengine nao walitawanyika, ili kona za wale wawili zisionekane. Meneja aliyenitangulia alijua pia, aliwaacha.

"Na hakuna hata mmoja aliyeniambia!"

"Mambo ya nyumba ya mtu, nani atayapeleka kwa mgeni?" akasema. "Na hata kama mkataji angeketi, madam, ni mimi ningeinuka. Tumbo langu halikuwa linauma."

Aibu ilinishika hadi masikio yakawa moto. Kwetu Kuria tunakwepana na wakwe vile vile! Shangazi yangu mwenyewe alikuwa akimwona mume wa binti yake anakuja, anaacha njia na kuingia kwenye mahindi, hata kama mvua inanyesha. Nilikuwa nikimcheka nikiwa mdogo. Halafu mimi, mtu niliyelelewa na hayo, niliwaketisha mtu na mkwewe meza moja na kuwapakulia nyoyo.

"Vaa aproni yako, mama," nikasema. "Hapa haondoki mtu."

Lakini kusema ni rahisi. Mchana huo nilikwenda Homa Bay na nakala za zile barua mbili, nikamwambia mwenye karakana kwamba kosa ni langu, si la mkataji, na kwamba nimekuja kuzifuta. Alinitazama juu ya miwani.

"Ukubwa ni jalala, madam," akasema. "Lakini wewe umejimwagia takataka mwenyewe."

"Ndiyo, mzee."

"Nimeshamwambia yule wa Awendo. Jumatatu saa mbili, huyu wako asipokuwa mezani, yule anaingia."

Jumamosi sikumtafuta mkataji wetu, yeye ni Msabato na sikutaka kumvunjia siku yake. Jumapili nikauliza njia hadi nyumbani kwao, nyuma ya soko. Aliyefungua mlango alikuwa na paji la uso la mama wa vifungo, lile lile, na tumbo limetangulia mbele yake. Miguu ilikuwa imemvimba. Nikasahau hata salamu, maana huyo ndiye niliyekuwa nikimwandikia zile barua bila kumjua.

Mkataji akatoka, akanipa kigoda, yeye akabaki amesimama. Nilimwambia nisamehe, nimekukosea, barua zimefutwa, kesho saa mbili mkasi wako unakungoja. Nilikuwa na hofu. Mwanaume aliyeaibishwa mbele ya mama mkwe wake ana haki ya kukataa.

"Na ile meza?" akauliza.

"Imerudi kuwa ya kukatia. Kila mtu na kona yake."

Akacheka kidogo. "Nitakuja."

Hapo ningeshukuru niende zangu. Lakini hofu ilipotoka, hasira zangu zikarudi. "Lakini wewe nawe si ungesema! Siku tatu nakuuliza, umenyamaza kama jiwe! Mtoto angezaliwa baba yake hana kazi!"

Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Madam, uliniuliza mara tatu, na mara zote tatu yule mama alikuwa ameketi hapo hapo. Ningesemaje, huyu ni maro wangu, mbele yake na watu wote? Ungeniita nje tu, ningekuambia."

Jumatatu nilifika wa kwanza. Nilisimama penye meza, nikatembea hadi mlangoni nikihesabu. Ni hatua sita tu kumwita mtu nje.