Jipu la Mzee Limekataliwa Getini

Leo mamangu amenifukuza getini akidhani mimi ni lori la maji.

Msicheke. Nilikuwa nimekuja na jipu la marehemu mzee wangu.

Mnajua niliitoa injini yake ya petroli kwa sababu ilikuwa inakunywa mshahara wangu wote. Fundi mmoja wa mtaa wa Baba Dogo akaniwekea ya dizeli. Leo nimelichukua na kwenda nalo moja kwa moja nyumbani, nikamwonyeshe mama.

Sasa, mzee hakuwahi kupiga honi pale. Mama alikuwa anaisikia injini yake tangu kona ya duka, na mzee akifika anakuta geti liko wazi.

Basi na mimi sikupiga honi. Nikakaa hapo kama mjinga, dizeli inanguruma, nikingoja.

Mama akaita kutoka ndani: "Hatujaagiza maji. Jaribu kwa jirani."

Nikazima gari, nikajitaja. Akaja, akafungua kale kadirisha ka geti, akaliangalia jipu.

"Injini ya baba yako iko wapi?"

Nikamwambia ukweli. Huku kwetu ukibadilisha injini, ile kuukuu inabaki na fundi, ndiyo desturi. Fundi aliiuza kama chuma chakavu, na alumini yake ishayeyushwa, imekuwa sufuria.

Nyinyi mlioniambia humu kwamba nikiweka dizeli nitashukuru, mngeuona uso wake.

"Basi niletee hata sufuria moja," akasema, akafunga kadirisha.

Bado niko nje. Kuna mtu anajua hao wa sufuria wanauzia wapi?