Nusu ya Ngao

Taarifa ya kifo cha rafiki yangu ilinikuta gereji, Wadi Kabir hapa Maskati, gari langu limeinuliwa juu na fundi ananieleza habari za breki. Nikawa naitikia tu, bila ya kusikia kitu. Moyo umesimama, waliniambia, baada ya sala ya asubuhi, na wala hakuwa anaumwa. Tulifanya kazi ofisi moja kwa miaka mingi, na tangu tustaafu hakuacha kunipigia simu. Allah amrehemu. Mlionizoea humu kwenye safu yangu kwa mzaha mtanisamehe leo. Jina lake sitalitaja, maana mwenyewe hakupenda kutajwatajwa.

Shughuli yake ya uzeeni ilianza kwa pete. Jirani yake pale Ghubra alikuwa mhandisi Mfaransa, mwenye pete ya muhuri iliyochongwa ngao ya ukoo wao: upande mmoja simba, upande wa pili ndege watatu wasio na miguu. Mfaransa akijua habari za simba tu, ndege akisema ni pambo. Rafiki yangu hakukubali hata kidogo. Kifaransa alikisoma ujanani, basi akajifungia na kompyuta yake, akaziandikia maktaba za huko, akasoma hati za zama za kati mpaka macho yakamvimba. Jina la ukoo akagundua kuwa asili yake ni la kijiji, kama vile mtu kuitwa wa Makunduchi. Na ndege je? Siku moja akanipigia kunieleza. "Dada yangu, wale ndege si pambo. Ni wa mke. Bibi mmoja wa zamani aliolewa kwenye ukoo wa simba, akaja na ndege wa kwao, na wenzetu wakampa nusu ya ngao. Nusu nzima." Kisha akasema, "Sisi wetu tumewaweka wapi?"

Wasomaji wa nyumba hizi zetu, zilizotoka Unguja zikarudi Maskati, wanajua alikuwa anauliza nini. Kabila la baba tunalo, na majina tunayataja baba kwa babu bila ya kukwama. Ukifika kwa bibi mzaa mama, aliyetoka bara, watu hukohoa na chai ikaletwa. Rafiki yangu hakujua hata watu wa bibi yake ni wa wapi. Alipouliza utotoni aliambiwa hayo yaache. Aliyebaki anajua ni mmoja tu, mama yake mdogo, bibi kizee anayekaa hapo hapo Ghubra. Nikamwambia, nenda leo. Akasema, ngoja kwanza nimalize ya Mfaransa, limebaki jibu moja kutoka huko. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Watu waliokufa zamani aliwafanyia subira yote, na aliye hai akamweka kiporo.

Siku ya azaa, tulipokwenda kuhani, nilikaa na wanawake, ubavuni mwa huyo mama mdogo. Akanishika mkono. "Alinipigia simu," akasema. "Akanambia, mamdogo, nna suali, ntakuja Ijumaa. Nikajua anachotaka, nikaazimia kumwambia, maana nimechoka kukaa na jibu lake. Nikampikia mkate wa kumimina. Ijumaa ikapita, na ya pili, kila mara udhuru. Mwanangu kenda zake, na mimi nnalo bado."

Nikamwambia, basi mwambie binti yake, yule pale anayegawa kahawa. Akamtazama kwa muda.

"Huyo hajaniuliza," akasema.

Wengi wetu tuna suali letu la namna hii, na mtu mmoja tu wa kulijibu, na tunajiambia tumalize kwanza jambo jengine. Nakusihini, msilimalize, nendeni mkaulize. Mimi siku ile sikungoja. Nilimwita yule binti, nikamwambia aweke birika chini, akae pale nilipokuwa nimekaa mimi, amuulize bibi yake: mama yako akiitwa nani, na kwao wapi? Kisha nikatoka nje, maana jibu halikuwa langu.