Majaribio Mia Tatu ya Dole Moja

Wakati wenzangu niliosoma nao informatika, masomo ya kompyuta, wanazunguka Uvira na bahasha za diploma kwapani, mimi nilipata kazi ya kubonyeza. Si utani. Mradi mmoja ulikuwa umejenga chumba cha baridi huko Kavimvira, karibu na mpaka, ili akina mama wauza samaki waweke humo mikeke, samaki wa ziwani, inayobaki bila kuuzwa. Mlango wake haukufunguliwa kwa ufunguo. Ulikuwa na kioo kidogo cha kusoma dole gumba, na programu iliyoandika nani ameingia na ametoa nini. Kazi yangu ilikuwa kuijaribu ile programu hadi ithibitike kwamba imejaribiwa vya kutosha.

“Vya kutosha” lilikuwa neno la mhandisi, bwana mtanashati aliyeletwa kutoka mbali na viatu visivyojua matope. Nilimuuliza vya kutosha ni vingapi. Akasema mia tatu. Nikauliza mia tatu ya nini. Akanitazama kwa huruma.

“Majaribio,” akasema.

Basi nikaanza. Nilibonyeza asubuhi, nikabonyeza baada ya chakula. Nilibonyeza nimesimama, nimeketi, kwa haraka, kwa upole, betri ikiwa imejaa, betri ikiwa nusu. Kila nilipobonyeza, mhandisi alihesabu jaribio jipya na kisanduku kwenye jedwali lake kikageuka kijani. Dole lilikuwa lile lile moja, langu, safi, kavu, halijawahi kushika jembe.

Nilipofika mia mbili hivi nilipendekeza tuwaite akina mama wenyewe, kwani mlango si wao? Mhandisi akasema watumiaji wakiingia mapema wanaharibu matokeo. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi, na bado sijasikia mtu akieleza ujinga kwa ufasaha kiasi hicho. Lakini niliendelea kubonyeza. Mkataba wangu ulikuwa mfupi na nilitaka urefushwe.

Shangazi yangu, ndiye aliyenilea, ni mmoja wa wauza samaki hao. Anachukua mikeke kwa wavuvi wa Makobola na kuvuka nayo mpaka kuiuza ng’ambo. Siku ambayo wanunuzi hawaonekani, inayobaki anaipasua, anaitia chumvi na kuibanika, kazi ya kuvunja mgongo kwa samaki ambaye hatapata tena bei yake. Chumba kile alikuwa amekingojea tangu msingi ulipochimbwa. Aliniuliza swali moja tu.

“Ile mashine yenu, miye niiamini?”

Nikamwambia nimeijaribu mwenyewe mara mia tatu.

“Basi samaki ya siku ya kufungua sitaitia chumvi,” akasema, na akacheka kwa furaha.

Kabla ya siku hiyo mkubwa wa mradi alituita kwenye biro, ofisini kwake, ili aamue kama majaribio yametosha. Mhandisi akatandaza raporo ya majaribio, kurasa kwa kurasa za kijani kitupu, ungedhani ni mpunga wa Sange. Mkubwa akapekua, akauliza kama kuna chekundu hata kimoja. Hakuna. Akafurahi! Mtu mzima, mwenye miwani, anaambiwa kwamba kosa limetafutwa mara mia tatu halikuonekana, na haulizi lilitafutwa wapi. Mimi nilijua lilitafutwa wapi. Hata hivyo nilitia saini, tena ile saini yangu ndefu yenye mkia.

Siku ya kufungua, padri aliomba, kisha mchungaji akaomba kwa muda mrefu zaidi ili asionekane ameshindwa. Hotuba zilipokwisha jua lilikuwa limeshakuwa kali. Shangazi akaitwa wa kwanza, na beseni la mikeke mibichi kichwani, aandikishwe dole lake kisha aingie. Akabonyeza. Kioo kikaandika: hakuna kidole.

“Mama, bonyeza vizuri,” mhandisi akasema.

“Niko nabonyeza.”

Akalipangusa dole kwenye kitenge, akabonyeza tena. Hakuna kidole. Akaja wa pili, wa tatu, wa nne. Miaka ya magamba, visu na chumvi ilikuwa imefuta mistari yote ya madole yao. Katika msururu mzima mashine ilimkubali mmoja tu, na huyo alikuwa ameanza biashara wiki ile, tena alikuja bila samaki.

Mhandisi akafungua daftari, nami nikasoma begani kwake: tatizo la watumiaji. Kisha akasema samaki hawaingii bila dole la mwenyewe, akawashauri akina mama wapake glisirini wiki mbili bila kugusa samaki. Wauza samaki! Walicheka hadi wengine wakatua mabeseni chini. Mimi nilitamani kumzaba mtu kofi, na wa kwanza kustahili nilikuwa mimi.

“Ni nani alijaribu hii kitu?” shangazi akauliza.

“Ni binti yenu huyu,” mhandisi akajibu kwa fahari. “Mara mia tatu.”

Shangazi akanishika mkono, akaugeuza, akalitazama dole langu mbele ya watu wote. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

“Kweli, hii dole, mashine itaipenda,” akasema. “Weye sikukuachaka upare samaki hata siku moja. Nilisema mutoto asome.”

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Inzi walikuwa wameanza kutua kwenye mikeke. Akalipandisha beseni kichwani akaondoka mbio kutafuta chumvi, ingawa kwa jua lile alijua, nami nilijua, kwamba amechelewa.

Wageni walikuwa bado wanangoja picha. Mkubwa akanong’ona kwamba mlango ufunguliwe basi, watu wana safari. Mhandisi akanitazama. Nikabonyeza. Mlango ukafunguka mara moja, baridi ikatupiga usoni, na tukajipanga mbele ya rafu tupu. Nami nimo kwenye picha hiyo, natabasamu.